Maandazi ya Bibi Aliyeandika Maiti

Binti yangu anakaanga maandazi, na harufu ya iliki imenirudisha kwa bibi jirani yetu pale Ilomba. Alikuwa akiandika vitabu vya maiti wanaofufuka. Mtaani walisema ni mchawi. Angeyajuaje mambo hayo?

Siku moja alituletea maandazi ya moto. Mama aliyatupa chooni, akapanga maparachichi kwenye sahani, maana sahani ya jirani hairudishwi tupu, akanituma nimrudishie.

“Mmekula, mwanangu?”

“Tumekula, bibi. Matamu sana.”

Akamenya parachichi palepale, akala. “Mtaa mzima ni ninyi tu mnaokula cha kwangu.”

Sasa vitabu vyake vinasomwa shuleni. Maandazi haya binti yangu anawapelekea wenzake darasani, wanakosoma kitabu cha bibi. Mama amemsimulia mjukuu wake jinsi yale ya bibi yalivyokuwa matamu.