Ini la Ubaoni

Mwalimu wetu wa mwili wa binadamu hakuwahi kupasua hata chura. Kule Kongo alifundisha jiografia, na hapa kwenye kambi ya wakimbizi, nje kidogo ya Nchelenge, alifundisha moyo, mapafu na figo kwa sauti ileile ya kutaja mito na milima. Debe tupu haliachi kuvuma. Nadhani alipewa kazi kwa sababu alikuwa na koti.

Tulikuwa wanawake kumi na moja, na kliniki ilitaka wahudumu wa afya kumi. Mmoja lazima aanguke. Dawati moja nilikaa na jirani yangu, anayekausha samaki kwa moshi. Macho yake mekundu yalitoka maji mwaka mzima. Muuguzi alishamwambia: aache moshi, la sivyo atapofuka. Mimi nilitaka baiskeli ya wahudumu. Yeye alitaka macho.

Siku ya ini, mwalimu alinakili kutoka kitabuni mtu asiye na shingo, akamtia ini upande wa kushoto wa ubao.

"Foa iko ku kushoto," akasema, akiliita ini kwa Kifaransa chake, na darasa zima likaandika.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ule mutu wa ku tablo anatuangalia sisi. Kushoto yetu ni kuume yake."

"Mama, weye ni docta? Ikala. Tablo haidanganyake."

Wenzangu wakacheka. Nikakaa, nimekasirika hadi masikio yakawaka.

Jumamosi kulikuwa na harusi kanisani, na jirani yangu na mimi tukapewa mbuzi tumtengeneze. Kabla hatujatoa kitu nikaushika mkono wake, nikauingiza ndani ya mnyama angali na joto. Kushoto kwa mbuzi, tumbo kubwa limejaa majani. Kulia, ini.

"Kumbe!" akasema.

"Na sisi ni vile vile. Usisahau: kuume."

Siku nzima alikoroga mchuzi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akijipigapiga ubavu wa kulia ili asisahau. Alikuwa akiniamini kuliko kitabu.

Siku ya mtihani tuliitwa mmoja mmoja. Mwalimu alikuwa na koti lake na karatasi ya majibu aliyoiandika mwenyewe. Kando yake aliketi karani wa kliniki, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mihuri na miayo.

"Mama, gusa foa yako."

Nilimtazama mwalimu. Nikaitazama kalamu yake. Ule ubishi wangu wote wa darasani ukanywea, nikagusa kushoto.

"Muzuri sana!"

Mlangoni nilipishana na jirani yangu. Neno moja tu la kunong'ona lingetosha. Lakini nafasi zilikuwa kumi. Nikainamisha kichwa, nikapita. Yeye aliingia akitabasamu, akagusa kulia.

Kumi tuliokuwa na ini kushoto tulipewa mikoba na baiskeli. Jioni jirani yangu alinifuata nyumbani.

"Weye uligusa wapi?"

"Kushoto."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akarudi kwenye samaki wake, nami nikabaki na aibu ambayo haijaniacha hadi leo.

Sasa nyumba yake imo katika orodha yangu. Kila mwezi nafika kwa baiskeli, nafungua daftari, na kumshauri, kama nilivyofundishwa, aache moshi.