Kiti cha Nyuma cha Kwadi

Sina nguvu tena ya kubishana na mtu kuhusu jambo hili. Nimelisimulia stendi ya Garsen, nimelisimulia nje ya kanisa, na kila mara hakosekani mmoja wa kucheka na kuniuliza siku hiyo nilikuwa nimekunywa nini. Sikunywa kitu. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na mke wangu Mariamu yuko hai. Ukitaka kumwuliza nenda, ingawa naye amechoka kuulizwa.

Sisi ni watu wa Hewani, tunalima kando ya mto. Ukija wakati wa kiangazi utasema njia yetu ni nzuri. Njoo wakati wa mvua. Udongo ule mweusi ukilowa hushika gurudumu na haulitoi. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa njiani, bodaboda imezama, dereva anasukuma, mimi nasukuma, na mtoto hakulia. Nitaishia hapo kuhusu yeye. Nimemtaja ili ujue kwa nini mkulima wa mpunga na ndizi alisafiri hadi Malindi kununua kwadi kuukuu, ile pikipiki ya magurudumu manne, wakati mkewe ana mimba ya pili.

Bwana mmoja alikuwa akizikodisha kwa watalii ufukweni, biashara ikamshinda, akawa anaziuza. Zote zilikuwa za mchezo. Kwadi ya kazi ina keria za mizigo mbele na nyuma na ni nzito mno. Ya mchezo ni nyembamba, ina mbio, na ina kiti cha mtu mmoja tu. Watu walinicheka, eti mume wa mjamzito anakwenda kununua kitu cha kurukia matuta ya mchanga. Lakini mimi niliitaka kwa wepesi wake. Hii ikizama, wanaume wachache wanaiinua kwa mikono na safari inaendelea.

Nimewahi kutengeneza pikipiki miaka mingi, kwa hiyo sikwenda kudanganywa. Kabla ya kuwasha niligusa injini. Ya kwanza niliikuta ya moto, maana yake mwenyewe alikuwa ameiwasha mapema ili nisione inavyosumbua ikiwa baridi. Nikaiacha. Ya pili nilichungulia mafuta yake, yalikuwa meupe kama chai ya maziwa. Maji yameshaingia ndani. Nikaiacha. Ya tatu nililala chini yake na tochi, kwa sababu chumvi ya bahari hula fremu kutoka chini mahali usipopaona. Nikatikisa magurudumu, nikapapasa meno ya gia ya cheni. Kutu ilikuwepo, ufa haukuwepo. Nikaichukua hiyo.

Kazi yenyewe ilifanyika Garsen, kwa Jillo, kijana wa kuchomelea vyuma. Tuliondoa gia ya cheni ya nyuma tukaweka kubwa zaidi, ili ipoteze mbio ipate nguvu. Bomba la kuvuta hewa tulilipandisha hadi usawa wa usukani, maji yasiingie kwenye injini. Ndani ya tairi tukamimina gundi, maana miiba ya miti ya mathenge ya huku kwetu haina adabu. Kisha nikamwambia anitengenezee kiti cha nyuma, chenye egemeo, mwanamke mwenye uchungu aweze kukaa.

"Buda, hii kitu iliundwa ya mtu mmoja," Jillo akasema. "Ukiweka mzigo huko nyuma springi zitalala."

"Kaza springi."

Akazikaza. Zilikazwa hadi kwadi ikiwa tupu makalio yake yanasimama juu, unacheka ukiyaona. Nakueleza habari za springi kwa sababu ndizo zilizonionyesha mimi yote, nisingekuwa na macho ya fundi ningejidanganya hadi leo.

Nilitoka Garsen jua linazama. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza, njia ina matope lakini inapitika. Katikati ya mathenge, mahali pasipo na nyumba hata moja, nikasikia nati ya kile kiti kipya inacheza. Nikasimama, nikashuka, nikainama na spana yangu. Niko hivyo, kichwa chini, mikono ina grisi, nikasikia nyuma yangu sauti ya upole:

"Hodi."

Sasa niambie wewe. Mtu anapiga hodi barabarani? Hodi hupigwa mlangoni. Njiani watu husalimiana, huita, hukohoa. Lakini mimi nimelelewa kwamba hodi haiachwi ikaanguka chini. Mama yangu angekuchapa ukichelewa kuitikia. Mdomo ukajibu wenyewe, hata kichwa sikuinua.

"Karibu, karibu."

Springi zikalala. Niliziona kwa macho yangu, pua yangu iko karibu nazo. Zilishuka taratibu kama zinavyoshuka mtu mzima anapokaa.

Nilipoinuka alikuwa ameshakaa. Mwanamume mwenye kikoi cheupe na kitambaa begani. Uso wake niliuona na sikuuona, sijui nikuelezeje. Kila nikijaribu kuukumbuka nakumbuka kitambaa. Kingine ninachokikumbuka ni miguu. Siku hizo hakuna aliyekuwa na miguu safi tangu hapa hadi Kipini, na yake ilikuwa mikavu, haina hata tone la tope.

Ungefanya nini? Ungemwambia shuka, nimekosea? Nilishamkaribisha. Nikapanda, nikawasha.

"Mzee, nakuacha wapi?"

"Mbele kidogo."

Ndivyo abiria wote husema, nikaendelea. Baada ya kitambo nikauliza tena, akajibu vilevile, mbele kidogo. Shingo yangu ilikuwa baridi na jasho linanitoka. Tukafika Hewani, mpaka kwenye mgomba wa mwisho kabla ya uwanja wangu, ndipo akasema, "Hapa panatosha. Nipe ruhusa."

Na mimi, mjinga wa adabu, nikajibu kama tunavyomjibu kila mgeni anayeaga. "Haya mzee. Karibu tena."

Springi zikapanda. Nikageuka. Hapakuwa na mtu, na katika tope lile bichi hapakuwa na unyayo ila wa kuku.

Sikumwambia Mariamu. Mwanamke mwenye mimba hapelekewi hofu nyumbani. Lakini tangu siku hiyo baadhi ya jioni nilikuwa naikuta kwadi imekaa chini kwa nyuma, uwanjani, peke yake. Nikairudisha kwa Jillo. Akaipima, akaitikisa, akaniangalia.

"Springi ni nzima, buda. Wewe unabeba nani?"

Nilitamani kumjibu. Nilimwambia akaze tu.

Uchungu ulimshika Mariamu mchana wa mvua kubwa. Njia ilikuwa imekatika kwa magari tangu siku zilizopita, na hii ndiyo siku niliyoinunulia kwadi. Nikamshika mkono hadi uwanjani. Akaweka kiganja kwenye kile kiti, akakiondoa haraka. Mvua inakinyeshea, na kiti kina joto.

"Hapa pamekaa mtu," akasema.

Nikatazama springi. Zimelala.

Ndipo nikamwambia, nimesimama mvuani, maneno yanatoka ovyo. Mariamu amelelewa na shangazi yake Kipini, na watu wa Kipini wana ulimi. Nilitegemea anitukane. Alisema tu, "Utanambia hayo baadaye. Nipakie mbele."

Kwanza nilijaribu. Nilisema, "Mzee, tafadhali, nipishe, mke wangu ana uchungu." Hakuna kilichotikisika. Na kwa nini atoke? Mimi ndiye niliyesema karibu, na alipoaga nikaongeza "karibu tena".

Nikampakia Mariamu mbele yangu, kiupande, mikono yake shingoni mwangu, kichwa chake begani kwangu kinatazama nyuma. Tukaondoka kwenda hospitalini Garsen. Injini ililia tangu mwanzo. Mashine niliyoitengeneza ibebe watu wawili bila taabu ilikuwa inajikokota, na uzito ule wa nyuma ulikuwa unaongezeka, naapa, kadiri tulivyokwenda. Tulipofika kwenye bonde la tope magurudumu ya nyuma yakazama hadi ekseli. Nikavuta mafuta, tope likaruka, hatukusogea. Nilianza kulia. Sioni haya kukwambia. Nilikuwa nalia na kuvuta mafuta, na nilikuwa namwona mtoto yule wa kwanza.

Kisha nikamsikia Mariamu anaongea juu ya bega langu, na hakuwa anaongea na mimi.

"Wewe mgeni. Huyu mume wangu alikukaribisha hakukuona. Mimi nakuona. Mimi sikukukaribisha jana, sikukaribishi leo, na chombo hiki ni changu. Shuka."

Mvua tu. Kisha sikioni kwangu, karibu sana, ile sauti ya upole, tena yenye uchovu kama wangu.

"Haya, mama. Basi nitapiga hodi nyumbani."

Springi zilipanda kwa nguvu tukarushwa. Magurudumu yakashika, kwadi ikachomoka bondeni, na sikugeuka nyuma mpaka nilipoona taa za Garsen. Binti yetu alizaliwa jioni hiyo. Alilia vizuri mno, tukalia na sisi.

Mariamu hajaniambia alichokiona usoni mwa yule mgeni. Nimeuliza mara moja tu. Kile kiti Jillo alikikata na kukiyeyusha. Wagonjwa wa kijiji sasa nawabeba, kwa machela ninayoifunga mbele na kuifungua nikishafika, kwa sababu mahali pa kukaa patupu sipaachi tena.

Lakini mwisho wa mambo haukuwa huo, kwa sababu alisema atapiga hodi. Na hupiga. Si kila siku. Mara moja, kwa upole, kisha kimya. Basi nyumba yangu haiitikii hodi mpaka tumwone aliyeipiga. Unajua hilo ni jambo gani kwetu? Majirani wanasema kwadi imetutia kiburi. Kanisani wamenisema mbele yangu. Wengine wameacha kuja.

Siku moja ya mvua, mlango umefungwa, tukasikia hodi. Sauti nyembamba, ya kukwaruza, mara moja. Mariamu alikuwa ananyonyesha. Tukatazamana. Mtoto akaanza kulia, Mariamu akambembeleza, na hatukuitikia. Nilipopata moyo wa kuchungulia nikakuta mfuko wa mchele kizingitini. Nilikimbia bila viatu. Nilimkuta mbali, kwenye njia ya kwenda kijiji cha Wema, anatembea polepole na mafua yake, mama yangu mzazi.

"Nilimsikia mtoto," akasema. "Nikajua mko ndani."

Nilimweleza yote pale pale njiani. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika shavu, akasema amenielewa. Sijui kama ameniamini. Siku hizi akija hapigi hodi. Husimama nje kabisa, kwenye ua, hata jua likiwa kali, ananyamaza na kungoja mmoja wetu atoke amwone.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiwa umeinama na kazi yako, ukasikia hodi mahali pasipo na mlango, acha spana. Inua kichwa umtazame anayeomba, uso wote, kabla hujafungua mdomo. Watakuita huna adabu. Afadhali waseme hivyo, kuliko umwone mama yako anasimama juani nje ya nyumba yako kama mgeni.