Bahari ya Shangazi

Nikisikia harufu ya maji ya chumvi yaliyolala kwenye beseni, narudi uani kwa shangazi. Tarime nzima, hadi majogoo, ilikuwa mashimoni ikitafuta dhahabu. Yeye alifuga uduvi wa mapambo kutoka pwani, wenye mistari myekundu. Tajiri mmoja alikuwa ameahidi kununua watoto wao wakikua, awaweke kwenye tangi la kioo sebuleni kwake.

"Mama, wenzako wanachimba, wewe unafuga wadudu!" wachimbaji walimtania.

"Piteni zenu. Mtakuja kuniamkia!"

Mayai yakaanguliwa. Beseni likajaa viluwiluwi wembamba kuliko kope, wengi kuliko watu wa Tarime na Serengeti. Shangazi akaenda kisimani, akaniacha niwafukuzie kuku.

Ng'ombe hatukumfikiria, na ng'ombe kwa chumvi hana adabu. Fahali wetu alinusa, akakata kamba, akaja. Nilimvuta mkia kwa nguvu zangu zote, akaniburuta kama ufagio. Alikunywa bahari nzima, akalamba beseni mpaka likang'aa.

Shangazi aliporudi alisimama mlangoni.

"Wote?"

"Wote, shangazi."

Hakunipiga. Alimkumbatia fahali shingo, akaweka sikio ubavuni, akasikiliza bahari yake.