Nilimfukuza Shemeji kwa Sababu ya Kitabu cha Mimea

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Jambo hili nimelibeba moyoni hadi limenichosha, ndiyo maana nakwambia wewe usiyenijua.

Mimi ni fundi seremala katika soko la Gikomba, Nairobi. Ugonjwa wangu ni vitabu vikuukuu vya sayansi, vile vya mwanzo wa karne ya kumi na tisa vyenye majalada ya ngozi. Ulinianza siku nilipoletewa kabati la mzungu mmoja aliyehama, nikakuta kimoja ndani ya droo. Kilikuwa kitabu cha nyota, ngozi imekwaruzika lakini kurasa ni nzima. Jamani! Nilisahau hata chakula cha mchana. Kiingereza chake cha kale kilinishinda, michoro ikanitosha.

Aliyenitafutia vingine ni rafiki yangu muuza vitabu vya mitumba, ambaye sokoni tunamwita Profesa. Kila akipata kimoja tulikifungua pamoja juu ya meza yangu ya kazi, tukakinusa kama watu wawili wasio na akili. Nilimpenda yule mtu kama ndugu.

Shida ilikuwa mke wangu, Mama Neema. Alichoka kuona vitabu vikiingia nyumbani huku sofa imetoboka. Basi nikatafuta ujanja. Nikamchongeshea Profesa ufunguo wa nyumba yetu ya Donholm, ili mchana watu wakiwa kazini awe anapitisha kitabu kipya na kukipachika kwenye rafu katikati ya vile vya zamani. Mke wangu asingejua kwamba vimeongezeka. Nilijiona mjanja kweli!

Tuliishi na mdogo wa mke wangu, Wafula, aliyeuza njugu barabarani. Jioni alikaa sebuleni akikunja karatasi za madaftari yaliyotupwa, za kufungia njugu zake.

Siku moja kitabu changu cha mimea hakipo. Ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote, picha zake zimepakwa rangi kwa mkono. Nikamkimbilia Profesa.

"Buda, mi sitaki kuharibu familia ya mtu," akaniambia, mkono wake begani kwangu. "Lakini huyo shemeji yako hutoa wapi karatasi za njugu? Hebu jiulize."

Nikajiuliza, tena nikajijibu! Jioni ile nilimwaga njugu za Wafula nje mbele ya majirani, nikamwita mwizi.

"Shemeji, haki ya Mungu sijagusa kitabu yako," alisema huku akiziokota. Hakupandisha hata sauti.

Mke wangu akaniuliza machozi yakimtoka, "Baba Neema, kuna mtu mwingine huingia hii nyumba? Niambie ukweli."

Nikasema hakuna. Ee Mungu wangu, nilisema hakuna! Sikudhani Profesa anaweza kuniibia, lakini hilo halinisaidii. Niliogopa kukemewa kwa ajili ya vitabu, nikamwacha mtoto wa mama mkwe wangu atoke na begi lake akiwa na jina la mwizi.

Miezi ikapita. Profesa aliendelea kuja kunipa pole, akinywa chai yangu! Kisha mama mmoja akaniletea picha za mimea nizitengenezee fremu. Kwenye ile ya kwanza nikaona doa la uji pembeni. Doa hilo nalijua. Neema wangu ndiye aliyeumwaga uji huo alipokuwa mdogo, na nilimfokea sana.

"Mama, hizi umetoa wapi?"

"Kwa huyo mnaita Profesa. Ako nazo mingi, anazikata kwa kitabu."

Amekikata! Mtu niliyenusa naye kurasa! Nilikaa kwenye maranda nikalia mbele ya mteja.

Nilipomfuata hata hakukana. "Si ni wewe ulinipea ufunguo, buda? Enda uambie bibi yako." Alijua siwezi kumshtaki popote bila uongo wangu kutoka.

Niliutoa mwenyewe. Mama Neema alinisikiliza hadi mwisho bila kupiga kelele. Kisha akasema, "Kitabu umejua kilienda wapi. Na ndugu yangu?" Tangu hapo tunazungumza habari za unga na karo tu.

Wafula nilimpata mtaa wa Majengo, Pumwani, na karai lake la njugu. Nikamwomba msamaha pale pale juani, watu wakipita. Alinisikiliza, akanipimia njugu, akapokea noti yangu, akanirudishia chenji yote.

"Ni sawa. Karibu tena, kastoma."

Kastoma! Mtu aliyekula mezani kwangu!

Wewe unayemficha mwenzako wa nyumbani vitu unavyovipenda, mwonyeshe leo, akufokee yaishe. Na rafiki akimnyooshea mtu kidole kwamba ni mwizi, muulize kwanza yeye anaingiaje kwako. Mimi sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo, na jibu lenyewe lilinitia aibu.