Siku Nilipolala Chini ya Kwato za Muusi

Kila nikiingia kwenye lifti ya jengo letu hapa Dixon, Toronto, hakosi mtu wa kuniuliza, "Mwanaidi, ni kweli ulikanyagwa na mnyama?" Ni kweli. Leo nawaeleza yote kwa mpangilio, kwa sababu najua wapo kati yenu wanaouguza mifupa na mapafu, na wapo waliokwisha kujiambia kwamba hawatasimama tena. Mimi pia nilijiambia hivyo.

Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa miguu. Kwa miaka kumi na moja nilipika katika jiko la nyumba ya wazee, nikisimama tangu alfajiri mpaka mchana. Nilikuwa sijalazwa hospitali ila siku nilipomzaa Rahma, binti yangu wa pekee. Kanada niliyoijua ni ghorofa ya tisa, basi, jiko na msikiti. Msitu niliuona kwenye kalenda.

Rahma ana miaka ishirini na anasomea mambo ya wanyamapori. Kiswahili anakielewa chote, lakini tangu alipoanza shule hujibu kwa Kiingereza. Mwezi wa sita mwaka juzi aliniambia kwa Kiingereza hicho hicho, "Mama, umekaa nchi hii miaka yote na hujaiona. Twende kaskazini siku mbili tu." Mume wangu, Hamisi, akacheka. "Nendeni," akasema. "Mimi mbu wa Morogoro walinitosha."

Tuliendesha gari zaidi ya saa tatu. Majengo yakaisha, mashamba yakaisha, ikabaki miti na maziwa, miti na maziwa. Tuliegesha karibu na kinamasi, tukaingia kwenye njia nyembamba ya miguu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Rahma alitangulia, akinionyesha nyayo kwenye tope, kubwa kama sahani.

"Muusi," akasema. "Tukimwona, tunasimama mbali. Sawa, Mama?"

Nikasema sawa.

Kwa asiyemjua, muusi ni mnyama wa jamii ya kulungu, lakini ukimwita kulungu unamdhulumu. Bega lake liko juu kuliko kichwa changu. Huyu tuliyemkuta alikuwa jike, kwa hiyo hakuwa na pembe. Alikuwa amesimama ndani ya maji ya kinamasi, anatafuna, na maji yanachuruzika kidevuni. Miguu yake mirefu ilikuwa ya kijivu, na mgongoni alikuwa na nundu. Nilisema "Subhanallah" bila kujua kwamba nimesema. Sikuwahi kufikiri kwamba kiumbe kikubwa namna ile kinaweza kuishi kimya kimya, bila mtu kukilisha.

Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema wazi ili asilaumiwe mtu mwingine. Nilitaka picha ya kumtumia dada yangu. Rahma alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Nikaacha njia, nikapiga hatua kumi, labda kumi na tano, kwenye majani marefu. Nyuma yangu kitu kikalia kama mtoto mchanga anayenung'unika. Nikageuka. Ndama wa rangi ya kutu alikuwa amelala kwenye majani, ananitazama. Nilikuwa nimesimama katikati, kati ya mama na mtoto wake.

Yule jike akaacha kutafuna. Masikio yakalala nyuma. Nywele za nunduni zikasimama. Nikasikia Rahma akiita, "Mama! Mti! Nyuma ya mti!" lakini miguu yangu haikunisikia. Alitoka majini kama gari lililokatika breki, kisha sikuona tena ila kifua chake.

Kwato za mbele zilinipiga begani, nikaanguka kifudifudi. Pigo la pili lilinipata mbavuni upande wa kulia, nikasikia zikivunjika kwa masikio yangu, kama mtu anayevunja kuni kavu gotini. La tatu likaangukia paja. Nilitaka kupiga kelele, lakini hewa haikuwepo.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanangu kutoka nyuma ya mti, ya chini, haina haraka, na ilikuwa kwa Kiswahili.

"Mama, usijisogeze. Jikunje. Funika kichwa kwa mikono. Niko hapa, Mama. Hivyo hivyo. Usijisogeze."

Nikajikunja. Muusi alikuwa amesimama juu yangu, mguu mmoja huku na mwingine kule, mimi nikiwa katikati kama kitu kilichowekwa chini ya meza. Tumbo lake lilipanda na kushuka. Maji ya kinamasi yalinidondokea shingoni. Akainamisha kichwa akaninusa nywele, na pumzi yake ilikuwa ya moto, yenye harufu ya tope na majani mabichi. Niliona jicho lake. Halikuwa na chuki. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Nilikuwa nakufa, nilivyodhani, na bado moyo wangu ulijaa mshangao, kana kwamba nimeingizwa mahali ambapo mtu haingii.

Ndama akasimama, akayumba, akaenda pembezoni mwa maji. Mama yake akaniruka, hakunigusa hata ukucha, akamfuata. Nikasikia maji, halafu kimya.

Simu hazikushika mtandao. Rahma alinifunika koti lake, akakimbia hadi barabarani, akasimamisha lori la magogo. Dereva alikuwa na redio, akaita msaada. Nilichukuliwa kwa gari la wagonjwa, kisha kwa helikopta hadi Toronto.

Daktari aliyenipokea hakunificha. "Pafu lako la kulia limesinyaa. Mbavu nne zimevunjika, na mfupa wa paja pia. Tutaweka mrija kifuani kutoa hewa na damu, kisha tutakufanyia upasuaji wa mguu." Waliweka mrija, waliunga paja kwa chuma. Siku ya sita nikapata nimonia. Kukohoa na mbavu zilizovunjika, ndugu zangu, sina maneno yake. Nilikumbatia mto nikakohoa makohozi yenye damu, na Hamisi akinishika mgongo na kusema, "Moja tena, Mama Rahma. Moja tena." Walinipa chombo cha kuvuta pumzi chenye kimpira ndani, ambacho huinuka ukivuta kwa nguvu. Wiki nzima kile kimpira hakikuinuka.

Nilitoka hospitali baada ya mwezi, kwa kiti cha magurudumu. Mwili ulianza kupona, moyo ukakataa. Mlango wa basi ukifunguka kwa sauti ya upepo, kama pumzi ya yule muusi, jasho lilinitoka nikatafuta pa kujishika. Mbaya zaidi, Rahma aliacha masomo bila kuniambia. Alinivalisha soksi, alinipikia uji, lakini hakunitazama usoni.

Mchana mmoja nikamshika mkono. "Mbona huendi chuo?"

"Mimi ndiye niliyekupeleka kule, Mama."

"Wewe ndiye uliyeniambia nijikunje," nikasema. "Daktari amesema pigo moja la kichwa lingetosha kuniua. Rudi shule."

Alilia, nami nikalia, ingawa kulia kuliniuma mbavu. Muhula uliofuata alirudi. Mimi nikakubali kumwona mshauri wa mambo ya hofu, jambo nililokuwa nalionea aibu. Nilianza na fremu ya kutembelea, kisha magongo, kisha fimbo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kufika kituo cha basi bila kushikwa.

Mwezi wa nane mwaka jana nilimwambia Rahma anirudishe kaskazini. Hamisi alikuja pia, mbu au hakuna mbu. Tulikaa juu ya jabali, na ng'ambo ya ziwa, mbali sana, akatokea dume. Pembe zake zilikuwa pana kama masinia mawili, bado zimevikwa ngozi laini. Alizamisha kichwa chote majini, akakiinua, maji yakamwagika kutoka kwenye pembe kama kutoka kwenye paa wakati wa masika. Niliushika mkono wa Hamisi, lakini sikuondoka. Tulimtazama mpaka akashiba.

Ushauri wangu ni huu. Ukiona mnyama, mpe nafasi, na picha iache. Ukiumizwa, kohoa hata kama inauma, fanya mazoezi hata siku unayoyachukia. Hofu ikikushika, mwambie mtu anayejua kuitibu. Nawashukuru waliokuja na chai ya tangawizi hospitalini, waliofua nguo zangu, na yule dereva wa lori ambaye sijui jina lake. Namshukuru Mungu aliyeniumba na akamuumba yule mama mwenzangu. Alikuwa na nguvu za kunimaliza. Alipoona mtoto wake amesimama, aliniacha nami nirudi kwa wangu.