Rangi Nilizopeleka Angurai

Mwanangu alipofika miezi tisa nilimwacha Angurai kwa mama yangu, nikarudi Malaba kwenye kazi yangu ya kupitisha makaratasi ya malori forodhani. Nilikuwa namwona Jumapili tu. Siku zingine zote nilikuwa na hamu naye mpaka kifua kinauma. Nikawa natazama kwenye simu kina mama wanavyowafundisha watoto wadogo kuchora kwa vidole: unapika uji mzito wa unga wa ngano, unatia maji ya bitiruti uwe mwekundu, mtoto hata akilamba hadhuriki.

Basi Jumapili moja nikabeba rangi zangu kwenye vikopo, na karatasi za mizigo zilizotumika upande mmoja. Nikamkalisha mtoto mkekani. Akatazama rangi, akanitazama mimi, akaangua kilio, akatambaa mbio hadi kwa bibi yake. Mama akacheka, akanitania kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi hata hiyo ya pili sijawahi kuifikisha. Nilinuna. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Kwa hasira nikajitafutia kazi. Krismasi ilikuwa karibu, na mama alikuwa anakandika jikoni kwa udongo na mavi ya ng'ombe, chini akizungusha ukanda wa udongo mwekundu kama nyumba zote za kwetu. Ukutani, karibu na sakafu, palikuwa pamebonyea na kukwaruzwa ovyo. Nikasema moyoni, maskini mama, mkono wake umeishiwa nguvu. Nikalowesha udongo, nikasawazisha pale vizuri, nikapitisha kiganja mpaka pakateleza.

Mama akaja kuona, mtoto mgongoni. Akainama, akapapasa pale nilipolainisha.

"Hiyo ilikuwa kazi ya mtoto wako," akasema. "Nikikandika, na yeye anapaka. Niliiacha uione."

Jamani. Nilimshusha mtoto mgongoni, nikapiga magoti, nikauchovya mkono wake kwenye udongo, nikausogeza ukutani. Akakunja ngumi. Nikamwimbia, nikampigia makofi, wapi. Mama akaniambia nisimlazimishe, udongo upo na mtoto yupo. Kwake ilikuwa rahisi kusema hivyo. Mimi saa kumi nilitakiwa niwe njiani kurudi Malaba, na Jumapili iliyofuata mtoto alikuwa ameanza kusimama, ukuta haukumhusu tena.

Sasa ana miaka saba na tunakaa naye hapa Malaba. Anachora kila mahali: malori, ng'ombe, bibi yake na kilemba chake. Juzi aliniuliza alianza kuchora lini. Nikamwambia alianza kabla hajajua kutembea, kwenye ukuta wa jikoni kwa bibi. Alifurahi sana, akaacha kalamu.

"Nilichora nini, mama?"

Nikamwambia tukienda Angurai amwulize bibi yake. Yeye ndiye aliyeona.