Nta Ndani ya Pishi

Mke wangu alikuja Lindi kutoka Kilwa Kivinje na vitu vitatu vya kwao: godoro la sufi, sanduku la mbao, na pishi. Watu wa leo hununua mchele kwa kilo, na huenda baadhi yao hawajapata kuiona pishi, basi nieleze. Ni chombo cha mti kilichochongwa mfano wa kinu kifupi kisicho na mguu, na ujazo wake ni vibaba vinne kamili. Ile ya mke wangu ilichongwa kwa mti wa mkongo. Ilikuwa ya mama yake kabla ya kuwa yake, na ukingo wake ulikuwa umelainika kwa viganja vya wanawake wa nyumba moja.

Tulikaa mtaa wa Mtanda. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwezi wa Ramadhani ulipofika nilisomesha darsa msikitini. Yeye aliuza mchele barazani. Alipouza, pishi ilikuwa na kilele, na juu ya kilele alitupia konzi moja ya nyongeza ambayo hakuna aliyemdai. Lakini siku ya mwisho ya mfungo pishi hiyo iliacha kuwa ya biashara. Mtaa mzima uliiazima kupimia zaka ya fitri, pishi moja kwa kila kichwa, na hapo haikuwekwa kilele: ilipimwa ya mfuto, mtu akapitisha kiganja juu ya ukingo mpaka mchele ukalingana nao. Ilitoka nyumba hii ikaingia ile, na sikumbuki mtu yeyote kuuliza kama ilikuwa sahihi. Ilikuwa pishi ya binti wa Kivinje, na hilo lilitosha.

Kisha ikaja miaka ya biashara kuachiwa huru. Mchele wa ng'ambo uliingia kwa magunia, duka la kona likaleta mizani, na mshahara wangu, hata ulipolipwa kwa wakati, haukufika katikati ya mwezi. Ada za shule, ambazo sisi hatukuzijua tulipokuwa wanafunzi, zilirudi. Binti yetu wa pekee alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, nayo barua ya shule ilitaka ada, sare, ndoo na godoro jipya.

"Mwalimu," mke wangu aliniambia, kwa maana ndivyo alivyoniita hata tukiwa wawili, "tutauza mpaka viganja viote sugu, lakini mtoto atakwenda."

Mimi sikungoja sugu. Nilinunua nta sokoni kwa muuza asali aliyetoka upande wa Mingoyo, na siku mke wangu alipokwenda msibani nikaiyeyusha katika kopo, nikaichanganya na masizi kidogo ili ishabihiane na rangi ya mti, nikaimimina ndani ya pishi. Sikufanya kwa pupa. Nilipima unene wake ili katika kila pishi ishirini tubaki na moja. Nilijiambia kwamba yeye alikuwa akitoa juu, kwa kilele na konzi, kile ambacho mimi nilikuwa nikikirudisha kutoka chini. Hivyo hakuna aliyedhulumiwa. Mtu aliyesoma ana njia nyingi za kujidanganya, na zote zina mpangilio mzuri.

Haya yalikuwa wiki mbili kabla ya mfungo. Siku moja aliingia ndani akicheka.

"Watu wanasema mchele wangu mwaka huu unanukia asali. Nimewaambia ni mikono yangu."

Nilicheka pamoja naye. Katika yote niliyoyafanya, kicheko hicho ndicho ninachotamani zaidi kukifuta.

Nilikuwa nimekusudia kuibandua nta kabla ya fitri. Niliuhesabu mwezi kwa kalamu na karatasi, nikaridhika kwamba hautaandama siku ya ishirini na tisa. Basi kazi hiyo nikaipangia asubuhi ya thelathini. Siku ya ishirini na tisa, nikitoka darsani baada ya alasiri, nilimkuta mke wangu akichagua mchele katika ungo. Mahali pa pishi palikuwa patupu.

"Pishi iko wapi?"

"Bibi ameichukua. Anasema goti lake limemwambia mwezi ni leo."

Bibi huyu alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, mjane wa makamo ya mama zetu, mwenye ulimi ambao vijana waliuogopa kuliko fimbo. Niliketi. Ningeweza kunyamaza. Nta ilikuwa imeshika vizuri. Ningeingoja pishi irudi, niibandue nta, na mtaa mzima ungetoa fitri pungufu bila kujua. Nikaendelea kunyamaza mpaka tukafuturu. Tulikuwa bado tunakunywa uji redio ya jirani ilipotangaza kwamba mwezi umeonekana, na watoto wakaanza kupiga kelele njiani. Mke wangu akainua mikono kuomba dua. Nilipoiona mikono ile nikamwambia yote.

Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Toka lini?"

Nikamtajia siku.

"Na mimi nikasema ni mikono yangu," alisema.

Kisha akaniuliza jambo moja, naye alitaka jibu: "Mwalimu, mtoto akalalie nini kule? Godoro la fitri za watu?"

Akajifunga kanga, akaburuta gunia la mchele tulilokuwa tumelitegemea kwa ada, akalijaza kapu kubwa na kunitwisha.

"Utasema wewe," aliniambia. "Mimi nitapima."

Tulianza kwa Bibi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatutazama na kapu letu.

"Mmeleta fitri kwangu? Mimi bado sijawa maskini wa kupewa, wanangu."

"Bibi," nilisema, "pishi uliyopimia ina nta ndani. Niliitia mimi. Mwenyewe hakujua."

Aligonganisha viganja vyake mara moja.

"Kumbe! Na mimi nikasema huu mchele wa peponi, unanukia asali! Mwalimu, si wewe juzi uliyetusomesha darsa la kutopunja vipimo?"

"Ni mimi, Bibi."

"Ulisomesha vizuri. Nililia."

Mke wangu alikwisha kuchota. Alimwongezea konzi mbili kwa kila kichwa, ili shaka yote ielemee upande wetu, na Bibi akazipokea bila kutuambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Tukaifuata pishi nyumba kwa nyumba, mimi nikisema maneno yale yale, mpaka tukaikuta katika nyumba ya nne. Mke wangu aliingiza pua ndani yake, akavuta pumzi, akaniwekea mikononi.

Nilidhani tumemaliza. Alisimama njiani.

"Na fundi baiskeli?"

Huyo alikuwa jirani Mmakonde, Mkristo, aliyenunua kwetu pishi moja kila Jumamosi.

"Fitri haimhusu," nilisema.

"Haki yake nayo haimhusu?"

Tukaenda. Fundi alinisikiliza na spana mkononi, akamtazama mkewe, akasema, "Sasa nimeelewa, Mwalimu. Mimi nilikuwa nadhani tumbo langu ndilo limekua."

Kwa siku kadhaa baada ya Idi mke wangu aliwatafuta wanunuzi wote aliowakumbuka, na gunia likaisha. Ada tulikopa. Godoro hatukuweza. Binti yetu alikwenda shule na godoro la sufi la mama yake, na sisi tukalala juu ya mkeka mwaka mzima. Hakunilaumu tena hata mara moja. Usiku alinisogelea kwa sababu sakafu ilikuwa ngumu, na ningetoa kila nilichonacho leo nilale tena juu ya sakafu ile.

Nta niliibandua mwenyewe kwa kisu, akiwa amesimama juu yangu. Ramadhani iliyofuata aliiosha pishi, akaianika, akaiweka barazani tangu asubuhi ya ishirini na tisa. Hakuna aliyekuja. Watu walipimia makopo. Mwaka wa pili hali kadhalika: aliketi kando yake mpaka adhana ya magharibi, kisha akaiingiza ndani. Sikuwahi kumwona akimngoja mtu kwa namna ile, hata mimi.

Mwaka wa tatu Bibi alikuja, na kibaba kimefungwa katika pindo la kanga yake.

"Nimekuja kuazima pishi. Lakini kwanza nipime."

"Pima, Bibi. Hata mara kumi."

Alipima taratibu: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akapitisha kiganja juu. Mchele ulilingana na ukingo, haukubaki wala haukupungua. Bibi akaumwaga, akainusa pishi, akatikisa kichwa.

"Bado asali ipo kidogo. Lakini hii ni harufu tu." Akaiweka kichwani na kuondoka nayo.

Mke wangu aligeukia ukutani. Nilipomuuliza kama analia, alinijibu kwamba nisimsemeshe, anahesabu nyumba ambazo pishi itapita.

Sasa ni miaka mingi tangu nimzike. Bibi alitangulia. Mtaani wengi hutoa fitri kwa fedha, na binti yangu hunitumia yangu kwa simu pamoja na salamu. Hata hivyo kila Ramadhani, siku ya ishirini na tisa, naiosha pishi; tangu hesabu yangu ile ikosee, siku ya thelathini sijaitegemea tena. Naianika barazani alipokuwa akiketi. Jua likipanda, ile nta iliyoingia katika nyuzi za mti, ambayo kisu hakikuifikia, hupata joto, na harufu ya asali hutoka. Miaka mingi niliionea haya harufu hiyo. Siku hizi naketi karibu nayo mpaka adhana.